Kasoro Inayojificha Chaja Ikichomekwa

Kuna kasoro moja ya laptopu ambayo hutoweka pindi mwenyewe anapofika kwa fundi. Nyumbani stima imepotea, anaamua kumalizia filamu kwa betri, na mara picha zinaanza kusuasua. Sauti inatangulia midomo. Mtu anayekimbia anaganda mguu ukiwa hewani, kisha anaonekana tayari yuko ng'ambo ya barabara. Kesho yake laptopu inabebwa hadi mjini. Fundi anaipokea, na kabla hajauliza shida ni nini anaichomeka kwenye soketi, maana ndivyo mikono yake ilivyozoea. Filamu inacheza bila doa, na mwenye mali anabaki akijitetea.

Mafundi wengi huishia hapo. Kuna atakayesema iko sawa, kuna atakayeshauri RAM iongezwe, na kuna atakayefuta kila kitu na kuweka Windows upya. Mteja anarudi nyumbani akiwa amelipa, stima inapotea tena, filamu inasuasua vile vile. Ninaotaka kuwasifu ni wale wachache ambao, wakisikia neno betri, huchomoa chaja kwanza ndipo wakae chini. Wapo Thika na wapo Ruiru, katika vibanda vyembamba vilivyobanwa kati ya duka la M-Pesa na kinyozi. Mmoja wao, wa Thika, nimekaa kwenye benchi lake mara nyingi nikimtazama. Kazi yake yataka mtazamaji mwenye subira, kwa sababu sehemu yake kubwa haina bisibisi wala moshi wa lehemu. Ni maswali, kisha kungoja.

Si ajabu ufundi huu umestawi upande huu. Ukitoka Kahawa kuelekea Thika unapita Chuo Kikuu cha Kenyatta, unafika Ruiru kwenye Zetech, unaingia Juja kwenye JKUAT, na safari inaishia mjini Thika ambako Chuo Kikuu cha Mount Kenya kina makao yake. Sensa ya 2019 iliihesabia Ruiru watu 490,120, ikawa mji wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilishwe mwaka 2012, nyumba za kupanga zimefuatana kando yake hadi huwezi kusema mtaa huu umeishia wapi na ule umeanzia wapi. Karibu kila chumba cha mwanafunzi kina laptopu, na laptopu hiyo mara nyingi ni ile inayoitwa "ex-UK": EliteBook ya HP, ThinkPad ya Lenovo au Latitude ya Dell, iliyotumika miaka kadhaa katika ofisi ya ng'ambo kabla ya kuletwa kuuzwa huku. Ni mashine imara kuliko nyingi mpya za bei hiyo hiyo. Lakini huja na prosesa ya enzi iliyopita, na huja na betri iliyokwisha kufanya kazi ya mtu mwingine.

Na stima hupotea. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani kwa pamoja, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na watu wakaliongelea jambo hilo kwa wiki. Mtu wa Kimbo au Makongeni hahitaji tukio la kitaifa ili akae gizani. Transfoma ya mtaa yatosha. Jioni za aina hiyo ndizo laptopu hupimwa, maana ndiyo televisheni iliyobaki.

Fundi huyu wa Thika anaelewa jambo ambalo wenzake wengi hawajalizingatia: laptopu inayosuasua kwa betri mara nyingi haina ugonjwa wowote. Imeagizwa ibane matumizi, nayo inatii. Chaja ikichomolewa, ndani ya sekunde moja mambo mengi hubadilika bila mtu kuambiwa. Prosesa inapunguza kasi. Skrini inafifia. Kadi ya Wi-Fi inaanza kusinzia kati ya ujumbe mmoja na mwingine, na diski inajiandaa kulala. Baadhi ya maagizo hayo yaliwekwa na Microsoft, mengine na Intel, mengine na kampuni iliyounda mashine, na kila mmoja alikuwa na nia njema ya kurefusha maisha ya betri. Yakijumlishwa, wakati mwingine huiangusha filamu. Kazi ya fundi ni kutambua ni ubanaji upi uliozidi, aulegeze huo peke yake. Akiulegeza wote, filamu itacheza vizuri na betri itaisha kabla mwovu hajakamatwa.

Kwa nini filamu ndiyo ianguke, na si barua unayoiandika? Kwa sababu barua inaweza kusubiri nusu sekunde na usijue. Filamu ya kawaida ina fremu 24 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 41 na ushei za kufunguliwa, kupakwa rangi na kufikishwa kwenye kioo. Prosesa ikichelewa, programu inayochezesha filamu huitupa fremu hiyo na kukimbilia inayofuata, ili picha isiachwe nyuma na sauti. Ndiyo maana mazungumzo husikika shwari huku picha zikiruka: sauti ni mzigo mwepesi, haichelewi. Mtu hahisi fremu moja iliyotupwa. Zikitupwa tano mfululizo, jicho linalalamika.

Sasa turudi kwenye maswali, kwa maana hapo ndipo ustadi wenyewe ulipo. Siku moja alikuja mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, na EliteBook yake kwenye mkoba wa vitabu. Fundi hakuifungua. Aliuliza, "Mwalimu, filamu huanza kukwama lini?"

"Jioni, stima ikienda."

"Nauliza ukishachomoa chaja. Papo hapo, ama baada ya muda?"

Mwalimu akafikiri. "Huanza vizuri tu. Ikifika kama nusu ndio shida inaanza."

"Nusu ya filamu ama nusu ya betri?"

"Ya betri, kijana wangu. Sikuwa nimeona kuna tofauti."

Tofauti ni kubwa, na nilipomsikia akiuliza hivyo nilijua niko mbele ya mtu anayeijua kazi. Kasoro inayoanza papo hapo chaja ikitoka inaelekeza kwenye mipangilio: prosesa imefungwa mahali pa chini mno. Inayoanza betri ikifika asilimia 20 inaelekeza kwenye kile kipengele cha Windows cha kuokoa betri, ambacho kwa kawaida hujiwasha chenyewe hapo. Inayoanza baada ya robo saa, iwe na chaja au bila chaja, ni joto: vumbi jekundu la huku limejaa kwenye feni, au ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka. Lakini ile inayoanza katikati, isiyotabirika, inayochagua matukio mazito ya milipuko na mvua na umati wa watu, hiyo ni ya betri yenyewe. Kwa swali moja la wakati fundi alikuwa ameshapunguza njia nne hadi moja, na mashine bado ilikuwa mkobani.

Swali lake la pili huwa juu ya sura ya kukwama, na hapa huwataka wateja waeleze kwa mikono ikibidi. Je, kuna duara linalozunguka katikati ya skrini? Basi ni mtandao, na laptopu haina lawama, au lawama yake ni ile kadi ya Wi-Fi inayosinzia. Picha inaruka na sauti inaendelea? Prosesa imeshindwa kasi. Vyote viwili vinasimama kwa pamoja, sekunde moja au mbili, halafu vinaendelea? Uliza kama ni diski ya zamani inayozunguka, maana kwa betri diski hizo huegesha vichwa vyake haraka, na kuviamsha kunachukua muda. Na kama malalamiko ni kwamba sehemu za giza zimekuwa giza zaidi, huku mwendo ukiwa sawa, basi ni ubanaji wa Intel unaofifisha taa ya skrini kulingana na picha. Wateja huyaita yote haya "kustak". Fundi mzuri hayachanganyi.

Baada ya maswali ndipo huja jaribio, na jaribio lake lina nidhamu inayopendeza. Hutumia filamu ya mteja mwenyewe, faili lile lile lililokwama, dakika ile ile. Huicheza mara moja ikiwa na chaja, akiangalia, kisha mara moja bila. Kando ya filamu hufungua Task Manager na kuiacha wazi. Niliwahi kuinama nikasoma naye. Chaja ikiwa ndani, kasi ya prosesa ilikuwa ikipanda na kushuka karibu na gigahezi 2.4. Akachomoa. Namba ikateremka hadi 0.8 na ikakaa hapo, huku mstari wa matumizi ukigonga asilimia mia moja na kulala juu ya dari ya mchoro. Picha ikaanza kuruka. Hakugusa chochote kwa muda mrefu. Alitaka kuona kama itajiokoa yenyewe.

Kisha akanionyesha mchoro mwingine mdogo, ambao watu wengi hawaujui, ule wa sehemu ya prosesa inayoshughulikia picha. Ndani yake kuna mstari wa kufungua video. Filamu ilikuwa ikicheza, lakini mstari ule ulikuwa sifuri, umelala kabisa. Maana yake kazi yote ya kuifungua filamu ilikuwa inafanywa na prosesa kwa nguvu za jumla, ilhali kuna kitengo maalumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo pekee, kinachoifanya kwa umeme kidogo sana. Kitengo kilikuwepo. Hakikuwa kimeitwa.

Hapa pana habari inayostahili kukaliwa kidogo, kwa kuwa inagusa jinsi watu wa huku wanavyopata filamu. Nenda duka lolote la muvi, mwenye duka akujazie flashi: za Kikorea, za Nigeria, zile zilizosimuliwa na DJ Afro. Flashi ni ndogo na bando ni ghali, kwa hiyo kila mtu katika mnyororo huo anapenda faili dogo. Kwa miaka mingi filamu zilifungashwa kwa H.264, mtindo uliotoka mwaka 2003, na karibu kila laptopu ina kitengo cha kuufungua. Mwaka 2013 ukaja HEVC, unaofungasha filamu ya ubora ule ule kwa takriban nusu ya ukubwa. Wenye maduka waliupokea kwa mikono miwili. Lakini kilichofungashwa kwa kubanwa sana kina kazi kubwa kukifungua, na prosesa za Intel za kizazi cha nne na cha tano, zile zilizojaa katika EliteBook 840 G1 na G2 na ThinkPad T440 na T450, hazina kitengo kamili cha HEVC. Kizazi cha sita, cha mwaka 2015, kinacho, ila si kwa zile filamu za rangi za biti kumi. Hizo zilingoja kizazi cha saba. Kwa hiyo akiba iliyofanywa kwenye flashi inalipwa na betri. Mashine ikiwa na chaja, prosesa hutoka jasho na kulimaliza deni hilo bila mtu kujua. Chaja ikitoka, kasi inashuka, na deni linaonekana.

Fundi huyu ana folda moja ya majaribio yenye kipande kile kile cha filamu kikiwa kimefungashwa kwa mitindo mbalimbali. Kwenye mashine ile ya mstari wa sifuri alicheza cha H.264 bila chaja: laini kabisa. Cha HEVC: kikasuasua. Akaangalia kizazi cha prosesa, kilikuwa cha sita, na filamu ya mteja haikuwa ya biti kumi. Basi kitengo kilipaswa kuitikia. Akaingia kwenye VLC na kukuta ule mpangilio wa kutumia kitengo cha kufungua video umezimwa. Pengine mtu alikuwa amefuata ushauri fulani wa kuongeza kasi. Akaurudisha kwenye hali ya kujichagulia. Mstari ukainuka, matumizi ya prosesa yakashuka, filamu ikatulia ikiwa bado kwenye gigahezi 0.8. Hakuipandisha kasi hata kidogo, na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi. Fundi wa haraka angeweka kila kitu kwenye nguvu za juu na filamu ingecheza, na mteja angeshukuru hadi siku atakapoona betri inadumu saa moja.

Wakati mwingine sababu ni duni zaidi: Windows iliwekwa upya na draiva ya picha haikuwekwa, mashine inatumia ile ya msingi ya Microsoft isiyojua kitengo chochote. Hilo hulirekebisha kwa dakika chache na halimfurahishi sana.

Ruiru, upande wa reli, kuna dada mmoja fundi ambaye wateja wake wengi ni wa hosteli, na filamu zao ni za intaneti. Kwake nimejifunza kitu tofauti. Ana daftari la mazoezi lenye mistari aliyoichora kwa rula: kilichobadilishwa, matokeo na chaja, matokeo bila chaja. Kila safu ina badiliko moja tu. Ukimuuliza kwa nini asibadilishe mawili kwa pamoja aokoe muda, hujibu kwamba akifanya hivyo na shida ikaisha, hatajua ni lipi lililoimaliza, na mteja wa kesho mwenye shida hiyo hiyo atamkuta hajui chochote. Nimeyasoma baadhi ya majedwali yake. Katika moja kijana alilalamika kwamba YouTube inakwama akiwa kitandani lakini si mezani. Kila mtu angesema Wi-Fi haifiki kitandani. Yeye aliuliza soketi iko wapi. Ilikuwa mezani. Aliipeleka kadi ya Wi-Fi kutoka ubanaji wa wastani hadi nguvu kamili kwa upande wa betri, akaandika. Nafuu kidogo. Akaurudisha mpangilio ule, akaandika. Kisha akafungua zile takwimu ambazo YouTube huzionyesha juu ya video, akakuta video inakuja kwa VP9, mtindo mwingine wa kufungasha, na fremu zinatupwa kwa mamia. Mashine ilikuwa ya kizazi cha tano. Akaweka kiongezi cha kivinjari kinachoilazimisha YouTube ilete H.264, akaandika. Hesabu ya fremu zilizotupwa ikaacha kupanda. Ndipo akarudi kwenye Wi-Fi, maana sasa alijua kwamba kulikuwa na sababu mbili na alijua kila moja ilichangia kiasi gani.

Namsifu kwa daftari hilo zaidi ya kwa jibu. Jibu linaweza kubahatishwa.

Ile laptopu ya mwalimu nayo ilihitaji ufundi wa aina nyingine. Fundi aliandika amri ya powercfg /batteryreport, na Windows ikatoa ukurasa wenye historia yote ya betri. Ilitengenezwa iwe na wati-saa 46. Sasa ilikuwa ikijaa kwa 17. Mtu angedhani hasara ni muda tu, kwamba itadumu theluthi moja ya muda wa zamani na ndani ya muda huo mambo yatakuwa sawa. Sivyo. Betri ya lithiamu, ya aina ile iliyoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991, ikizeeka hupungua ujazo na papo hapo huongeza ukinzani wa ndani. Ni kama tangi la ploti ambalo bomba lake limeziba kwa chumvi: mfereji mmoja ukifunguliwa maji yanatoka, ikifunguliwa mitano kwa pamoja presha inaanguka. Seli tatu zilizounganishwa mfululizo hutoa volti 12.6 zikiwa zimejaa. Tukio zito la filamu likija, prosesa inavuta umeme ghafla, volti zinaanguka, kidhibiti kinaona hatari na kuiamuru prosesa ishuke chini hata kama asilimia inasoma hamsini. Hiyo ndiyo "nusu" ya mwalimu.

Kuna programu ya kuinyamazisha amri hiyo, na fundi anaijua. ThrottleStop inafanya hivyo kwa kubofya mara moja. Huitumia pale tu anapokuwa amethibitisha kwamba amri inatoka kwenye kihisi kibovu. Kwa betri iliyochoka hakubali. Amri ile inailinda mashine isizimike ghafla, na kuinyamazisha ni kumwachia mteja hatari asiyoijua. Alipofungua mfuniko wa chini wa laptopu ya mwalimu aliitoa betri na kuiweka juu ya kioo cha meza, akaitazama usawa wa jicho. Kati yake na kioo palikuwa na mwanya katikati, mwembamba, wa kuingiza kadi ya simu. Alikuwa ameshauhisi kabla ya kufungua, kwa kubonyeza padi ya mausi na kuiona haibofyi vizuri upande mmoja. Seli iliyovimba ilikuwa ikiisukuma kutoka chini. Betri ya namna hiyo haichajiwi tena wala haitobolewi, na haitupwi kwenye takataka za kuchomwa. Akaifunga kando ndani ya kopo la bati.

"Mwalimu, hii siirudishi," alisema. "Hata ukikataa kununua nyingine kwangu, utaondoka bila hii."

Alikubali. Naye fundi hakumuuzia ya kwanza iliyokuwa rafuni. Aliichomeka, akaendesha ripoti ile ile juu ya betri mpya, akahakikisha uwezo unaosomwa unalingana na ulioandikwa kwenye karatasi, kisha akacheza filamu bila chaja hadi ikafika chini ya nusu. Jambo hilo lilichukua karibu alasiri yote. Wateja wawili walikuja na kuondoka wakiona yeye amekaa tu akitazama muvi.

Niongeze kasoro pacha ya hii, kwa sababu huwachanganya hata mafundi wazoefu: laptopu inayocheza vizuri kwa betri na kusuasua ikichomekwa. Kwenye Dell na HP nyingi, chaja ina pini nyembamba katikati inayoitambulisha kwa mashine. Chaja ikiwa bandia, au pini ikiwa imepinda, mashine haijui inaweza kuvuta wati ngapi, kwa hiyo hujishusha kwa tahadhari. Dell huandika onyo wakati wa kuwaka, ila watu hulipita kwa kubonyeza kitufe. Fundi huyu huanza kwa kuinua ncha ya chaja kwenye mwanga na kuchungulia ndani. Ni sekunde tatu za kazi. Amewaokoa wengi gharama ya ubao mama kwa sekunde hizo.

Kinachonisikitisha ni kwamba ufundi huu hauna bei inayoeleweka. Mteja akibadilishiwa skrini anaiona skrini na analipa. Akibadilishiwa mpangilio mmoja baada ya saa nzima ya kuchunguzwa, anauliza alipe nini na hakuna kilichobadilishwa. Shinikizo hilo ndilo linalowageuza mafundi wazuri kuwa wauza vipuri: ni rahisi kumuuzia mtu RAM asiyoihitaji kuliko kumtoza kwa kumwambia ukweli. Wale niliowataja wamelikataa shinikizo hilo, na najua linawagharimu.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na shida hii upande wa Thika, Juja au Ruiru, nenda kwa fundi ukiwa na chaja yako mwenyewe, hata kama unaamini shida ni ya betri. Beba lile faili linalokwama, usibebe lingine. Kumbuka betri ilikuwa asilimia ngapi lilipoanza kukwama, na kama sauti iliendelea au ilisimama pamoja na picha. Usikubali betri mpya kabla hujaonyeshwa ripoti ya ile ya zamani. Na fundi akikaa na mashine yako saa nzima kisha akakuambia hakuna kipuri cha kununua, mlipe saa yake.